Punda Milia Kumi na Wawili wa Kila Siku

Jumanne, 4 Februari

Fomu za Januari. Maji hakuna mtaani kwetu Noonkopir tangu Jumapili, nimekuja kazini na kitambaa kichwani. Tarehe, mahali, mnyama, idadi. Tarehe, mahali, mnyama, idadi. Vidole vinaenda vyenyewe, mimi nawaza nitapata wapi bowser, lori la maji.

Saa tano vidole vikasimama. Punda milia 12, nyumbu 7. Fomu iliyotangulia: 12, 7. Ile ya kabla yake: 12, 7. Nikatoa faili la Desemba, la Novemba, la Oktoba. Akina mama wafugaji sita wanaotujazia fomu, silanga mbili za kunyweshea mifugo, miezi minne, na kila asubuhi wamekunywa maji punda milia kumi na wawili na nyumbu saba. Safu ya ng'ombe na mbuzi haina kitu kabisa.

Nimefunga kompyuta. Nimemwambia Bwana Mutiso nina kichwa.

Jumatano, 5 Februari

Sikulala vizuri. Asubuhi nikiwa napiga mswaki nikakumbuka. Septemba, siku ya mafunzo, mimi mwenyewe nilisimama mbele ya ubao na chaki. Nikaandika mfano wa kujaza fomu. Punda milia: 12. Nyumbu: 7.

Wamenakili mfano wangu kwa miezi minne.

Na mimi nilizituma. Ndiyo aibu yenyewe. Desemba nilichora grafu, mstari umelala kama kamba ya kuanikia nguo, nikamtumia Daktari Henrike, mtafiti mwenzetu kule Ujerumani. Akanipongeza kwa uthabiti wa takwimu. Nilifurahi! Nilimpigia mama Bungoma kumwambia.

Nimewakasirikia wale akina mama. Nimejikasirikia zaidi, lakini leo naanza na wao.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemwambia Bwana Mutiso. Ni mkuu wangu, si mtu mbaya, lakini miaka miwili ameishi kwa ajili ya tarehe 6 Machi. Siku hiyo sisi, Wajerumani na Wabrazili tunakaa Kajiado kukubaliana mkakati mmoja wa utafiti wa bayoanuai, wa miaka kumi. Kifungu cha sita ni chetu. Kinasema yale wanayoyarekodi wafugaji yatahesabiwa kuwa ushahidi, sawa na ya wanasayansi. Mutiso alikipigania kifungu hicho kwenye mikutano ya mtandaoni mpaka sauti ikamkauka.

Alisoma fomu tatu, akazirudisha mezani polepole. "Nekesa, hii maneno iache kwanza. Watu wasaini, halafu tutarekebisha."

Nikatikisa kichwa kukubali. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Baada ya ibada Mama Wangui, mwenye nyumba wangu, akanishika mkono. Ana duka la hardware, anauza nguzo na waya, na sasa amenunua ardhi yake mwenyewe upande wa Isinya. Nguzo zimeshapelekwa. Anataka kujua kama karatasi yetu itamharibia mipango.

Nikamuuliza ploti iko wapi hasa. Akanieleza. Iko katikati ya njia ya wanyama, palepale wanapopita kwenda silanga ya Nasieku, mmoja wa wale akina mama.

"Punda milia hailipi rent, Nekesa," akasema. Tukacheka wote wawili. Si mchoyo. Mwaka jana nilipougua alinipikia uji wiki nzima.

Lakini nimerudi nyumbani nikiiwaza ramani. Kaunti imesema ramani yake mpya ya ardhi itafuata ushahidi wa mkakati huu. Mahali pasipo ushahidi patachorwa kama mahali patupu, na mahali patupu panagawanywa ploti. Kifungu cha sita kikianguka, njia ile haiko. Kikisimama juu ya 12 na 7, kuna siku mtu atafungua zile fomu, na kitaanguka siku hiyo kwa kishindo.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeenda kwa Nasieku na pikapu ya ofisi. Umri wake ni wa mama yangu, ndiye kiongozi wa wale sita. Alikuwa silanga ananywesha mbuzi. Akanisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya." "Iko." Nikajibu kwa mdomo tu, hasira iko juu.

Nikamwonyesha fomu. Nilitegemea ataona haya. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Si wewe ndio uliandika kumi na mbili? Tukaona hiyo ndio mnataka. Karatasi yenu inalia ikikosa namba, tukaipatia."

Na kwa nini hamkuhesabu?

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hawatembei uchi. "Kitu inapumua unaihesabu aje? Unataka iishe? Wewe, nyanya yako alikuwa anawahesabu?"

Nyanya hakutuhesabu hata siku moja. Tulikuwa wajukuu wengi sana jikoni pale, na wakati wa chakula aliita majina. Mjomba mmoja wa mjini alianza kutuhesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akafukuzwa na mwiko. Nilikuwepo. Nilijua. Nilienda chuo kikuu, nikarudi, nikachora safu inayoitwa Idadi.

Mbuzi walikuwa wanaondoka majini, vumbi tupu, kundi zima linasukumana. Nasieku akawatupia jicho mara moja tu. "Ile ya mguu nyeupe imebaki." Kweli, alikuwa amebaki nyuma ya mwiba.

Nikamuuliza kama na wanyama wa porini anawajua hivyo. Akaacha kucheka. Akanijibu kama amechoka na mimi. "Tuliandika. Kwani hamkusoma?"

Jumanne, 11 Februari

Nimesoma.

Safu ya mwisho kwenye fomu inaitwa Maelezo. Ni nyembamba kama kidole. Niliiweka kwa sababu fomu zote zina safu ya Maelezo. Kwenye kompyuta haina mahali pa kuingia, kwa hiyo kila mwezi nilikuwa naipiga mstari mwekundu kuonyesha nimemaliza ukurasa.

Chini ya mistari yangu myekundu:

"Sikio amekuja na mtoto. Mtoto ako sawa."

"Yule wa mstari umekatika kwa paja hajakuja, siku ya tatu."

"Wale wa Kovu wamepita mapema, wamekuta fensi mpya, wamezunguka."

"Sikio amekuja. Mtoto anachechemea."

"Wa mstari umekatika bado."

Wameandika hivyo kila siku, miezi minne, kwa mwandiko wa watu waliojifunza kuandika ukubwani, herufi zimebanwa kuingia pale nilipowaachia. Mnyama mmoja mmoja. Nani amekuja, na nani, nani hayuko, fensi ya nani imemrudisha.

Nimelia juu ya kibodi. Kijinga, lakini nimelia.

Alhamisi, 13 Februari

Nimemwandikia Daktari Henrike. Mara nne. Ya kwanza ilikuwa ya kujitetea, ya pili ya kulaumu mafunzo kana kwamba yaliendeshwa na mtu mwingine. Ya nne ndiyo nimetuma. Idadi zote ni batili. Kosa ni la fomu, na fomu niliitengeneza mimi. Tafadhali soma safu ya mwisho, nimeambatisha tafsiri ya Januari yote.

Sikumwuliza Mutiso. Nilijua jibu lake.

Nimebonyeza tuma, nikaenda kununua ndizi ambazo sikuzila.

Ijumaa, 14 Februari

Mutiso amejua. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Umenivua nguo mbele ya wageni," akasema, akafunga mlango wa ofisi yake. Mkataba wangu wa kazi unaisha Machi. Hakuutaja.

Jumanne, 18 Februari

Jibu limekuja, aya mbili. Asante kwa uaminifu wako. Kifungu cha sita kimeondolewa kwenye rasimu hadi kiweze kuthibitishwa kwa njia huru. Upande wa Brazili umekubaliana. Kuhusu safu ya mwisho: inavutia, ila ni simulizi.

Simulizi.

Nimejifungia chooni robo saa. Nasieku nitamwambia nini? Kwamba nimesema ukweli, na ukweli umewaondoa kwenye karatasi?

Jumatano, 19 Februari

Hasira inanisaidia kufikiri kuliko huzuni. Kamera!

Pale silanga kuna kamera tatu zimefungwa kwenye nguzo, mnyama akipita zinapiga picha zenyewe. Picha zinaenda Ujerumani, mashine yao inasoma milia ya kila punda kama alama za vidole na kumpa namba. Sisi hapa huwa hatuzigusi. Yaani mashine inamtambua mmoja mmoja. Na Nasieku anamtambua mmoja mmoja. Waulizwe maswali yaleyale, tuone.

Nimemwandikia Henrike: chagua picha wewe. Tusizione mpaka siku ya mkutano. Nasieku atasema ni nani, wewe utaangalia kama kila jina lake linashika namba moja ya mashine.

Mutiso safari hii nimemwambia kabla ya kutuma. Akauliza: "Na akikosea mbele ya nchi tatu?" Nikamwambia basi tutakuwa tumechemsha, lakini tumechemsha wazi. Akasema tuma.

Ijumaa, 21 Februari

Henrike amekubali. Picha ishirini. Ikilingana, kifungu kinarudi mezani siku hiyohiyo. Isipolingana, tusikizungumzie tena. Ni haki. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo.

Jumatatu, 24 Februari

Nasieku amekuja ofisini Kitengela. Tangu Septemba anafanya kazi na sisi, hii ni mara ya kwanza anaingia. Alikagua kila kitu, mpaka kalenda. Akauliza ni kiti gani nilikaa nikipiga ile mistari myekundu. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Nimemweleza kuhusu kifungu, kuhusu ramani, kuhusu picha ishirini. Nimemwambia anaweza kukataa. Akauliza swali moja: hiyo ramani ikichorwa tupu, fensi zitafika mpaka silanga? Nikasema ndiyo. Akavuta kiti.

Tumejaribu na picha za zamani za swala. Hakufurahi. "Hii picha haina mwendo. Mimi najua mnyama na vile anatembea." Picha bapa, nusu mnyama, wakati mwingine matako tu. Nimeogopa. Sikufikiria kuhusu mwendo.

Jumapili, 2 Machi

Nimeombea picha kanisani. Sijui kama inaruhusiwa.

Mama Wangui amepanda nguzo za upande mmoja. Ameniambia kwa furaha, na mimi nikamwambia hongera. Kisha nikamwambia ukweli wote, kwamba natamani Alhamisi tushinde na mpango wake ukwame. Akaniachia mkono. "Na unalala kwa nyumba yangu."

Jumatano, 5 Machi

Henrike amefika, na Daktari Luiza wa Brazili. Henrike ni mfupi kuliko alivyoonekana kwenye skrini. Amenisalimia kwa Kiswahili cha kujifunza kwenye ndege. Nimempenda kidogo, na hilo limeniudhi.

Nguo ya kesho nimepiga pasi mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Naandika haraka nisisahau.

Ukumbi wa hoteli Kajiado, meza zimepangwa mraba, bendera ndogo tatu. Nasieku amevaa shuka jipya na shanga zake zote. Amekaa mbele ya skrini, mimi kando yake kutafsiri. Henrike ana orodha ya majibu, ameigeuza chini.

Picha ya kwanza. Nasieku hakusita. "Kovu." Ya pili: "Dada ya Kovu." Ya tatu, ya nne, ya tano. Henrike anaweka alama, uso hausemi kitu. Ya sita ilikuwa ubavu tu na masikio. Nasieku akainama karibu. "Sikio." Alama.

Ya tisa. "Sikio tena." Kalamu ya Henrike ikasimama. Akasema kwa upole: hapana, mashine inasema huyu ni mwingine.

Nikatafsiri. Nasieku akainua mabega.

Ya kumi na moja, hapana. Ya kumi na mbili, hapana. Namba hiyo itanizika. Ya kumi na tano, hapana. Kila mara Nasieku anasema ni yuleyule aliyepita, mashine inasema ni mwingine. Nikasikia Mutiso anafunga faili lake. Nilimwona Nasieku amezungukwa na watu wenye kompyuta, nami ndiye niliyemleta, na nikajichukia kabisa.

Picha zikaisha. Henrike akaanza kusema anashukuru sana kwa juhudi.

Nasieku akasimama. Hakuomba ruhusa. Akanishika mkono, akaniambia nirudishe ile ya sita na ile ya tisa, zote mbili pamoja. Nikaziweka. Akaenda mpaka kwenye skrini.

"Huyu ni huyu. Hapa anaenda kwa maji. Hapa anatoka. Akienda unaona huu upande, akitoka unaona ule mwingine. Kwani wewe uko na upande moja?"

Nikatafsiri. Luiza ndiye aliyeelewa kwanza, akaweka mkono mdomoni. Milia ya kushoto na ya kulia ya punda milia hailingani. Mashine ina kushoto peke yake na kulia peke yake, na haina njia ya kujua ni mwili mmoja.

Nasieku akaweka kidole kwenye sikio. Limepasuka, picha zote mbili. Henrike akafungua kompyuta yake kutazama saa ya picha. Asubuhi moja, dakika chache katikati. Akaangalia nyingine tatu. Kuingia, kutoka. Kuingia, kutoka. Kuingia, kutoka.

Akavua miwani. Akasema, na nimeyaandika kama alivyoyasema: "Basi tumekuwa tukiwahesabu mara mbili."

Nilipomtafsiria Nasieku, alitoa mlio wa mshangao. "Mara mbili! Na hata mara moja ni mbaya!" Ukumbi wote ukacheka, na mimi nikacheka huku nalia.

Kisha Mutiso akasimama. Nilidhani anaenda kujisifu. Akasema takwimu za Desemba zilikuwa mbovu, fomu ilikuwa ya ofisi yake, alijua tangu Februari na alitaka kunyamaza. Akakaa. Hakuna aliyemlazimisha.

Kifungu cha sita kimerudi. Kimeandikwa upya mezani pale, ilichukua mpaka jioni, walibishania kila neno. "Idadi" imetoka. Wafugaji watarekodi mnyama mmoja mmoja, kamera na wao watasahihishana. Luiza ataipeleka njia hii kwa wafugaji wa kwao. Nasieku aliongeza sharti lake: nakala ya kwanza ya kila fomu ibaki kwao, si kwetu. Henrike alitaka ya pili ndiyo ibaki kwao. Nasieku akasubiri tu. Ya kwanza.

Wamesaini.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelala mpaka saa tatu. Mwili mzima unauma kama nililima.

Jumatatu, 17 Machi

Rasimu ya ramani imetolewa. Kuna mstari wa kijani mwembamba unapita hadi silanga. Kuna watu watapinga, mkutano wa wananchi bado. Lakini pamechorwa.

Mutiso ameniongezea mwaka mmoja. Alinipa barua bila maneno, halafu akarudi mlangoni: fomu mpya zitengenezwe na akina mama, mimi nichapishe tu. Sawa kabisa.

Jumamosi, 22 Machi

Mama Wangui alikuwa hanisemeshi tangu ile Jumapili. Leo amegonga mlango. Amesema ploti imekatwa na mstari wa kijani na amekasirika na ataenda kwenye mkutano kusema hivyo. Nikasema aende, ni haki yake. Kisha akauliza, akiangalia pembeni, kama ni kweli wanyama wale wana majina. Nikamwambia kuhusu Sikio na mtoto. Akasikiliza mpaka mwisho. Hajasema kitu kuhusu zile nguzo. Ameniachia sukumawiki.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imenyesha siku tatu. Silanga imejaa, matope mpaka vifundoni. Nimeenda na fomu mpya, bado zina joto la mashine. Safu mbili tu, pana: Nani amekuja. Nani hayuko.

Nasieku alinipa chai kwenye kikombe cha bati. Punda milia walikuja polepole kutoka upande wa Isinya, sikuwahesabu. Niliweza kumtambua Sikio peke yangu. Mtoto amekua, hachechemei tena.

Nasieku alijaza fomu ya kwanza kwenye goti, hana haraka. Kwenye Nani hayuko ameandika wa mstari umekatika. Anamwandika kila siku tangu Januari. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka arudi, ama mpaka tujue.

Nakala ya kwanza, yake, ameikunja na kuiweka ndani ya shuka. Ya pili, yangu, nimeisomea kwenye pikapu. Kwenye Nani amekuja kuna Kovu, dada yake, Sikio na mtoto. Chini yao, kwa herufi kubwa kwa sababu sasa nafasi ipo, ameandika Nekesa.

Sijapiga mstari.